Nilimtisha Wifi kwa Radi, Nikalalia Kitanda Chake

Mhariri, jina langu naomba lisitoke. Wanaonicheka hapa kijijini wananitosha, sihitaji kuchekwa na nchi nzima.

Ndugu msomaji, nimekosa. Sikusingiziwa, wala sikupitiwa na shetani. Shetani siku ile alikuwa na shughuli zake kwingine. Nilikaa nikafikiri, nikapanga, nikatenda. Nilichukua dawa ya mwanamke mwenye mimba aliyekuwa anaishiwa damu, nikatiwa mimi niliyenona. Na mwanamke mwenyewe ni wifi yangu, dada wa mume wangu, anayenipenda! Loo, mimi!

Nitamwita Monika, ingawa si jina lake. Mume wake anafanya kazi ya reli huko Tabora, naye alirudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza karibu na mama yake. Na mimi nilikuwa na mimba, ya tatu. Mume wangu alikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na wanangu wawili, wifi, mama mkwe na baba mkwe.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kipya. Tulihamia upande wa Mitundu, kwenye vile vichaka vya Itigi. Anayevijua vichaka hivyo ataniombea dua. Panga linaruka, miiba inabaki. Wanaume walifyeka shamba la kijiji, na sisi wenye mimba tukapewa kazi nyepesi, yaani kuikusanya ile miiba na kuirundika. Nyepesi! Aliyeiita nyepesi ni mwenyekiti, ambaye kazi yake yeye ilikuwa kusimama.

Mimi ni mvivu. Nalisema hili mapema ili tusisumbuane mbele ya safari.

Monika hakuwa mvivu, ila alikuwa akiokota fito mbili anakaa chini anahema. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Udongo wa kichuguu alikuwa anautafuna asubuhi na jioni, ukimnyang'anya analia. Vidonge vya kuongeza damu alipewa, lakini akimeza vinarudi, na kuku wa mama mkwe wakawa wanaviokota. Kuku wale walinawiri sana mwaka ule!

Siku ya kliniki mganga wa zahanati alitutoboa vidole sote wawili. Akadondosha damu yangu kwenye karatasi, akalinganisha na rangi zake, akacheka.

"Mama, wewe una damu ya kumgawia na ng'ombe."

Nilikasirika! Mtu ameamka na uchovu wake, amejiandaa kuonewa huruma, unamwambia habari za ng'ombe!

Kwa Monika hakucheka. Aliitazama ile karatasi mara mbili, akamfunua kope, akamwita mama mkwe aje asikie.

"Mama, damu ya binti yako ni kidogo mno. Akijifungua hivi alivyo, akavuja hata kile wanachovuja wenzake wote, hatutamuwahi. Vidonge vimeshindwa. Nampa cheti aende hospitali, watamlaza, watamtundikia chupa ya dawa ya chuma iingie taratibu kwenye mshipa. Damu inatengenezwa kwa chuma. Akitoka huko apumzike mwezi mzima, shambani asiguse."

Mwenzenu nilisikia kulazwa. Nikasikia kitanda. Nikasikia mwezi mzima shambani asiguse! Hayo mengine ya kutomuwahi yalipita sikio moja yakatokea la pili, Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni uovu wangu. Kwetu huku mvua ikianza kunguruma, kila kitu cha chuma kinatolewa nje. Majembe, mapanga, shoka, hata sufuria. Kioo kinafunikwa kwa kanga. Radi inapenda chuma, hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Na mvua za kwanza zilikuwa zimekaribia.

Jioni tukiwa tunachambua mlenda nikamwambia, "Wifi, watakutia nini vile huko hospitali?"

"Dawa ya damu."

"Dawa gani?"

"Ya chuma, amesema mganga."

Nikaguna. Nawaambia, kuguna kunaharibu watu kuliko matusi.

"Mbona unaguna, wifi?"

"Aa, hamna. Nawaza tu. Jembe mvua ikija tunalitoa nje. Wewe tutakutoa wapi?"

Mlenda ukamponyoka mikononi. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Na mimi, nyoka mkubwa, nikamshika bega.

"Usilie, wifi yangu. Nitatiwa mimi badala yako. Mimi nimeshazaa wawili, hata nikipigwa na radi nina watu wa kunikumbuka. Wewe damu yako itarudi tu kwa mboga."

Alinikumbatia! Alinishukuru! Aliniambia hajawahi kuona mke wa kaka mwenye moyo kama wangu. Nami nikajibu, eti ndiyo undugu.

Mama mkwe alinituma nimsindikize, maana mgonjwa huku haendi hospitali bila mtu wa kumuuguza na kumpikia. Tukapanda tela la trekta la kijiji. Kufika, Monika akaenda dirishani kutobolewa kidole, kwa sababu damu iliyotakiwa ionekane ni yake. Akapewa karatasi. Akatoka nayo, akanipa nyuma ya choo. Nikajipaka majivu midomoni ili nionekane nimekwisha, nikaingia wodini nikiburuza miguu.

Sista wa wodi alikuwa mwanamke mrefu, miwani imemkaa puani. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Monika?"

"Abee, sista."

"Damu kidogo namna hii, na umenona hivi?"

"Nimevimba, sista."

"Na mdomoni una nini?"

"Ugonjwa, sista."

Wasomaji, msimlaumu. Siku ile kulikuwa na wagonjwa wawili kila kitanda, na uongo wangu ulikuwa umeoga na kuvaa vizuri. Kosa ni langu mimi peke yangu.

Kitanda nilikipata, godoro nikalipata. Monika, masikini, mwenye ugonjwa wake, akawa uwanjani anapuliza moto ananikorogea uji! Akiniletea anahema, anashika ukuta, ananiuliza, "Wifi, unaumia?" Nami namjibu kwa sauti ndogo, "Navumilia." Halafu nakunywa uji wote.

Ikaja ile chupa. Nilidhani dawa ya chuma itang'aa. Kumbe ni nyeusi-nyeusi, inafanana na chai ya rangi iliyokolea! Sista akaingiza matone machache kwanza, akakaa ananitazama kama mwili utaikataa. Haukukataa. Akafungulia, tone, tone, tone, akasema itachukua saa nyingi na nisitikisike.

Sasa nikiwa nimelala pale, mbali huko kaskazini, kukanguruma.

Jamani! Uongo niliutunga mwenyewe, kwa mdomo wangu, juu ya mlenda! Lakini ile ngurumo ya pili nilikuwa nimeshauamini. Nikakitazama chuma kinashuka mkononi mwangu, nikatazama dirisha, nikasema moyoni, umekwisha mama wee. Ngurumo ya tatu nikaruka kitandani na chupa yake. Sindano ikachomoka mshipani, dawa nyingine ikamwagikia chini ya ngozi. Sista alikuja mbio, akanisukuma nirudi chini, akanichoma upya mkono wa pili, akiniambia maneno ambayo sikujua kama watu wa dini wanayo.

Pale ilipomwagikia pamebaki doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Nimesugua kwa dodoki, nimesugua kwa jivu, halitoki.

Tuliporudi nyumbani tukasema hospitali wamegundua vingine, kwamba Monika ni mzima na mwenye upungufu ni mimi. Monika aliapa kabisa kunitetea. Mama mkwe akashangaa, lakini doa alilionea huruma, akaamini.

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi na cheti changu cha mapumziko, natembea taratibu kama mgonjwa wa heshima. Balozi akavaa miwani, akasoma herufi moja moja, maana na yeye ndiyo kwanza yuko kwenye kisomo cha watu wazima.

"Hapa pameandikwa Monika."

Mungu wangu! Jina! Nilifikiria majivu, nikafikiria kidole, jina sikulifikiria!

"Balozi, lakini aliyetiwa dawa ni mimi."

"Nakuamini. Ila aliyeandikwa kupumzika ni Monika. Basi Monika apumzike kama ilivyoandikwa. Wewe una chuma mwilini na hujaandikwa popote. Kesho nenda kwenye visiki."

Visiki! Kutoka miiba nimepandishwa cheo! Na siku ya pili yake homa ikanipanda, viungo vyote vinauma. Sista alikuwa amenionya kwamba dawa inaweza kufanya hivyo siku mbili tatu. Nikawa navuta kisiki nalia, watu wanasema, "Muoneni, chuma kinafanya kazi."

Haikuishia hapo. Baba mkwe alikuwa na redio iliyokufa, akaifungua akatoa sumaku. Sasa mnajua mkwe na mke wa mtoto wake hawasogeleani. Yule mzee, kwa heshima zake, akaifunga sumaku kwenye ncha ya ufito mrefu, akasimama kule kwenye zizi, akainyoosha mpaka kwangu huku anatazama pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Usijali. Endelea kutwanga."

Sumaku ikanigusa bega, ikanigusa kichwa, ikaanguka. Akaifunga upya. Siku tatu ananivizia na ule ufito! Mwishowe ikanasa kwenye pini niliyobania kanga, akaondoka ameridhika, akawaambia wazee wenzake kwamba amehakikisha.

Kumbe Monika alikuwa amemweleza mama yake habari za radi, kwa siri, kwa kunihurumia. Alasiri moja mawingu yakafunga, upepo ukaanza kurusha vumbi. Mama mkwe akatoa majembe. Akatoa mapanga, shoka na sufuria. Akafunika kioo. Kisha akasimama mlangoni, ananitazama.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "si kwamba sikupendi."

"Mama?"

"Kuna watoto humu ndani."

Nikatolewa nje na majembe! Nikakaa kwenye banda la mbuzi, mvua inanipiga, jembe huku na shoka kule, mbuzi wenyewe wamejibanza upande wa pili kama na wao wameambiwa. Kila ukimulika umeme nalia Yesu na Maria. Nilikuwa naogopa uongo wangu mwenyewe, tena kwa machozi ya kweli.

Ndipo nikamwona Monika anatoka nyumbani anakimbia kwenye mvua, amejifunika ngozi ya ng'ombe. Mama yake anamwita kwa sauti kubwa, yeye hasikii. Akaingia bandani, akanifunika ile ngozi, akakaa na mimi kwenye samadi, amenishika mkono ule wenye doa.

"Wifi," akasema huku anahema vibaya sana, "chuma hiki ni changu. Wewe umenibebea. Radi ikija itukute wote."

Msomaji, nikitaka kujisifu nitasema hapo nilikiri. Sikukiri! Nilikuwa natafuta namna ya kukiri bila kuonekana mbaya. Nikiwa bado natafuta, kichwa cha Monika kikaanguka begani kwangu, mkono wake ukalegea. Nikafunua mdomo wake, mweupe. Nikamwita, haitiki.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilisahau mvua, nikasahau radi, nikakimbia uwanjani na tumbo langu, napiga mlango kwa ngumi. "Mama nimeua! Mama nilidanganya! Radi haina habari na dawa! Damu hana, mimi ndiye ninayo, nilimwibia!" Mama mkwe akafungua, akanitazama usoni. Hakunitukana. Alinipita akaenda kwa mwanawe, na tangu siku ile hajaniita tena "mwanangu". Ananiita "mama fulani", kama mtu wa kijiji cha jirani. Hilo ndilo lililonigharimu, na linaniuma kuliko visiki vyote.

Monika alizinduka, lakini kusimama hawezi. Trekta likawashwa usiku ule ule, tukafika asubuhi. Sista akaniona mimi kwanza.

"Monika! Umerudi?"

"Sista, mimi si Monika. Monika ni huyu."

Akaangalia. Akamfunua kope. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Chupa ile uliyotiwa ilikuwa ya mwisho," akasema. "Nyingine zinakuja na treni. Siku tatu."

Siku tatu hizo nilizihesabu kwa magoti. Nilipika uji mimi, nilipuliza moto mimi, nikilala ni chini ya kitanda chake. Kila akishika tumbo nasema leo ndiyo leo, uchungu umeanza na damu hana. Treni ikija kule kituoni nakimbia kuuliza kama kuna sanduku la dawa. Wakanizoea, wakawa wanasema "bado" kabla sijafungua mdomo.

Likaja. Sista akatundika chupa. Monika akaficha mikono chini ya shuka.

"Sitaki."

"Wifi, nilikudanganya. Haiiti radi. Nakuapia."

"Na ile siku uliguna. Ulisema inaita, sasa unasema haiiti. Nikuamini lini, wifi?"

Niliongea, nikapiga magoti, nikaonyesha doa, nikasema mimi nina chuma na sijapigwa. Akasema labda radi bado inanitafuta. Na nje mvua imeanza, bati linapigwa mpaka hatusikilizani. Nikalitazama lile bati. Nikatazama kitanda.

"Wifi," nikasema, "umelala kwenye nini?"

"Kwenye kitanda."

"Cha nini?"

Akakigonga kwa kidole. Ngo!

"Na juu yako ni nini?"

Akatazama juu kwenye bati. Ngurumo ikapita juu yetu, nyumba ikatetemeka, sisi tupo.

"Siku tatu umelala ndani ya chuma, juu ya chuma, radi inapita inakuamkia tu. Hako kachuma ka kwenye chupa ndiko kataiudhi?"

Monika akaanza kutabasamu kidogo. Kisha akacheka, mpaka sista akamwambia asitikisike. Akatoa mkono mwenyewe. Nilikaa namtazama tone kwa tone hadi chupa ikaisha, na sijawahi kuangalia kitu kirefu namna ile kwa furaha namna ile.

Alijifungua wiki sita baadaye, hospitali hapo hapo, mtoto wa kike. Alivuja, ndiyo, lakini alikuwa na cha kuvuja. Sista mwenyewe aliniambia, "Kwa ile damu ya mwanzo tungekuwa tunazika." Nikaenda nyuma ya kile choo nikatapika.

Mngedhani yameisha. Hayajaisha, na ndiyo maana naandika, kwa mkono wangu, kwa herufi nilizofundishwa kisomoni.

Uongo wangu ulikuwa umeshaondoka nyumbani. Mama mkwe aliupeleka kisimani kabla hajajua ukweli. Kisimani wakaupeleka mnadani, mnadani ukapanda lori. Juzi mganga wa zahanati amekuja hapa amekunja uso. Pale kijiji cha Mkiwa yupo mama mwenye mimba ya miezi minane, viganja vyeupe, cheti anacho, kila siku anasema haendi. Anasema kuna mwanamke upande wa Mitundu alitiwa dawa ya chuma akapigwa na radi akabaki kisigino.

Kisigino! Nilivua viatu nikaangalia!

Nilikwenda mwenyewe Mkiwa, na mtoto wangu mchanga, yule wa tatu, mgongoni. Nikamwambia yule mama, ndiye mimi, tazama doa, niko mzima. Akanitazama kwa huruma, akanipa maji ya kunywa, akasema, "Wewe siye, dada. Yule alikufa." Nikaapa. Akasema wanaotumwa na hospitali wote huapa. Mumewe alikuwa ameketi pembeni anasoma gazeti hili hili, hata hakuinua uso.

Wenzangu wenye midomo, jihadharini. Uongo wa kumwogopesha mgonjwa usiutoe hata kwa mzaha. Ukishatoka huwezi kuutangulia, wewe unatembea kwa miguu, wenyewe unapanda lori. Na dawa iliyoandikwa jina la mtu mwingine usiiguse, hata ukiahidiwa godoro.

Lakini hasa nakuandikia wewe, baba wa Mkiwa unayesoma hapa. Shusha gazeti. Mtazame mkeo viganja. Mwambie kwamba yule mwanamke wa kisigino ameandika barua, anasema alidanganya ili asirundike miiba, na wifi yake aliyetiwa ile dawa ananyonyesha sasa hivi. Trekta letu linapita Mkiwa Jumatatu asubuhi kwenda hospitali, nimeshaongea na dereva. Nitakuwa ndani ya tela nimebeba sufuria ya uji. Asipotaka kuniamini asiniamini, lakini mwambie apande.